Mtoto Ambaye Hakuna Aliyemsikiliza

(Mazungumzo kwa wajumbe wa Haki na Amani wa parokia)



Filamu tuliyoitazama pamoja jana jioni ni ya Kifaransa, haina rangi ila nyeusi na nyeupe, na imepita miaka zaidi ya 60 tangu ilipotoka. Huenda baadhi yenu mlijiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani, iliyoelemewa na mashauri ya mashamba, ya wajane wanaonyang'anywa mirathi na ya mahabusu wasio na mtetezi, iwakusanye watu wazima kutazama visa vya mvulana mmoja anayetoroka shule katika mji wa Paris. Swali hilo ni la haki, nasi tumepewa kazi ya kulijibu.

Filamu hiyo inaitwa Les Quatre Cents Coups. Ukiyafasiri maneno hayo moja moja utapata "mapigo mia nne", na kwa sababu hiyo watu wengi nje ya Ufaransa wamedhani kwamba inahusu viboko. Vibao havikukosekana, mmeviona wenyewe; lakini kwa Wafaransa msemo huo una maana ya kufanya utundu wa kila namna, kutopisha siku bila kisa. Iliongozwa na François Truffaut, aliyekuwa na umri wa miaka 27 ilipoonyeshwa mwaka 1959 katika tamasha la filamu la Cannes, ambako alitunukiwa tuzo ya mwongozaji bora. Katika tamasha hilohilo ilipewa pia tuzo ya OCIC, shirika la kimataifa la Wakatoliki lililoshughulikia mambo ya sinema. Twalitaja jambo hilo kusudi pasiwe na mtu atakayedhani kwamba tumeleta kitu cha kigeni katika nyumba ya Kanisa. Walikuwapo waamini waliotutangulia kuona kwamba humo mna jambo la kutafakari.

Na tuseme mapema ni jambo gani. Katika filamu nzima mtoto huyu, Antoine Doinel, anaulizwa maswali mengi sana. Mwalimu anamwuliza, baba anamwuliza, mama anamwuliza, askari anaandika maelezo yake. Lakini karibu maswali yote hayo yana jibu ndani yake tayari, na jibu hilo ni hatia. Mwenye kuuliza hataki kujua; anataka mtoto akiri. Ni mara moja tu, karibu na mwisho, mtu mzima anapomwuliza ili apate kujua, na mara hiyo moja Antoine anasema kweli tupu. Hilo ndilo tungependa mlishike.

Turudi nyumbani kwake. Nyumba ile ni ndogo, na mtoto hana chumba. Analala kwenye kijia cha mlangoni, ndani ya mfuko wa kulalia, kiasi kwamba kila anayeingia usiku humpita kitandani, na kila ugomvi wa wazazi humfikia masikioni. Fedha za kununulia shuka zilitolewa, shuka hazikuonekana, na Antoine alipoulizwa akasema kwamba yeye aupenda mfuko wake. Usiku ndiye anayeshusha takataka ghorofa kadhaa hadi chini. Hakuna tendo hata moja kati ya hayo ambalo mahakama yoyote ingeliita ukatili. Chakula anapata, nguo anazo, shule anakwenda. Baba ni mtu wa mizaha, tena mwenye moyo kwa namna yake. Baadaye twagundua kwamba si mzazi wake wa damu, bali alimpa jina lake alipomwoa mama. Mama alimzaa kijana mno, bila ndoa, na mtoto huyo amebaki kwake kama ukumbusho wa jambo ambalo hakulichagua.

Kuna jioni moja tu ya furaha. Mtoto amemwashia mshumaa mwandishi Balzac, ambaye picha yake ameitundika kama watu wanavyotundika picha ya mtakatifu, na pazia likashika moto. Baba akafoka. Mama, kwa sababu zake mwenyewe, akamtetea, na wote watatu wakaenda kutazama sinema. Wanarudi garini wakicheka, wanapanda ngazi wakitaniana. Sisi tulipoitazama sehemu hiyo mara ya pili ilituumiza kuliko vibao. Yaonyesha kwamba mtoto huyu hakuhitaji mambo makubwa. Hata sababu za mama hazikuwa safi, kwa kuwa mtoto alikuwa amemwona barabarani akibusiana na mwanamume mwingine, na tangu hapo mama akaanza kumbembeleza, mpaka akamwahidi fedha iwapo atafaulu katika insha. Antoine akaitunga insha hiyo kwa moyo wake wote, akijaa maneno ya Balzac aliyoyasoma na kuyapenda. Mwalimu akamhukumu kwamba amenakili, akamfukuza darasani. Basi tendo la kwanza la shule alilolifanya kwa bidii ndilo lililomtoa shuleni.

Kabla ya hapo alikuwa amesema uongo ule ambao kila aliyeitazama filamu hii huukumbuka. Mwalimu alimtaka aeleze kwa nini hakufika shuleni, naye akajibu kwamba mama yake amefariki. Ni uongo mbaya. Mwalimu akanywea, akamhurumia, na kwa muda mfupi mtoto akatendewa kama mtu. Kisha wazazi wakatokea, na baba akampiga kibao mbele ya darasa zima. Hatukusudii kumtetea muongo. Twauliza tu kwa nini ilibidi mama afe ndipo mwalimu apate kuwa mpole.

Wazee wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo hutajwa mara nyingi wanapozungumzwa watoto wa aina hii, na hutajwa kwa sauti ya kuridhika, kana kwamba ulimwengu ni mwalimu tuliyemwajiri sisi. Ndugu, katika filamu hii mmemwona mwalimu huyo akifundisha. Mmeona anavyofanya kazi.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe. Antoine, akiwa amekimbia nyumbani na kufichwa na rafiki yake René, anaiba taipureta katika ofisi anakofanya kazi baba yake, wapate kuiuza. Kuiuza wanashindwa, mtu mzima waliyemtegemea anataka kuwadhulumu. Ni mzigo mzito, nao wanazunguka nao mjini kama watu waliobeba msalaba wa kujitakia. Mwishowe Antoine anaamua kuirudisha. Anavaa kofia ya kikubwa asitambulikane, anaingia ofisini, na mlinzi anamkamata akiwa anaiweka mahali pake. Hakukamatwa akiiba, alikamatwa akirudisha. Jambo hilo halikuandikwa katika karatasi yoyote ya polisi, wala hakuna aliyetaka kulisikia.

Baba anamshika ukosi, anampeleka kituoni. Maafisa wawili wa kiume wanazungumza juu yake kwa lugha ya heshima na ya uchovu. Baba anaeleza kwamba wamejaribu yote. Afisa anaeleza kwamba kipo kituo cha uangalizi wa watoto. Karatasi inatiwa sahihi. Tafadhali litazameni jambo hilo la sahihi, maana sisi twaliona kuwa moyo wa filamu. Tangu hapo mtoto hupita kutoka mkono hadi mkono: baba kwa afisa, afisa kwa askari wa mahabusu, askari kwa dereva wa gari la wafungwa, dereva kwa karani wa alama za vidole, karani kwa mpiga picha, mpaka kwa hakimu na hatimaye kwa mkuu wa kituo. Katika mnyororo huo hakuna mtu mwovu. Askari wa zamu wanacheza mchezo wa mezani, wala hawamtesi. Wakati wanawake wa barabarani wanapoletwa, yeye anahamishiwa kizimba kidogo zaidi, ili nafasi ipatikane. Anavuta sweta hadi usoni kwa baridi. Kila mmoja anafanya kazi yake sawasawa, na jumla ya kazi hizo zote ni mtoto anayesafirishwa usiku pamoja na wezi na makahaba, akiyatazama mataa ya mji kupitia vyuma, machozi yakimtoka bila sauti.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo historia ya Ufaransa yenyewe, kwa maana bila hiyo mtu aweza kudhani kwamba nchi ile haikuwa na sheria. Ilikuwa nayo, na mwanzoni ilikuwa ya kutisha. Sheria ya kiraia ya mwaka 1804 ilimpa baba mamlaka ya kuomba mwanawe afungwe: asiyefikisha miaka 16 kwa muda usiozidi mwezi mmoja, aliyezidi umri huo hadi miezi 6. Kwa mtoto mdogo hakimu hakuwa na uwezo wa kukataa ombi hilo. Neno la baba lilitosha. Yakajengwa pia makoloni ya watoto wakosaji, yenye nidhamu ya kijeshi na kazi ngumu. Mojawapo lilikuwa katika kisiwa cha Belle-Île, magharibi mwa nchi. Usiku mmoja wa Agosti 1934, zaidi ya watoto 50 walitoroka huko baada ya mmoja wao kupigwa. Na inasimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa kuuma jibini kabla ya kunywa supu. Wakazi wa kisiwa na watalii waliokuwa likizoni waliahidiwa faranga 20 kwa kila mtoto watakayemnasa, nao wakatoka kuwinda. Nchi ilifadhaika. Mshairi Jacques Prévert akatunga shairi juu ya msako huo.

Sasa kumbukeni Antoine katika kituo chake, miaka 25 baadaye. Wamepanga mstari, wamekaa mezani, naye anaumega mkate kabla ya amri kutolewa. Anaitwa, anachaguzwa apigwe kwa mkono upi, anapigwa kibao. Kipande cha mkate badala ya kipande cha jibini. Hatuwezi kujua kama Truffaut alikusudia kuikumbusha Belle-Île, lakini mtazamaji wa Kifaransa mwenye umri wa kutosha hakuweza kukosa kuikumbuka.

Na kati ya Belle-Île na filamu hii ilikuwapo sheria njema. Tarehe 2 Februari 1945, vita ikiwa haijakwisha, serikali ya muda ya Ufaransa ilitoa amri juu ya watoto wakosaji, iliyoweka kanuni kwamba malezi yatangulie adhabu. Mahakama ya watoto ilipewa hakimu wake maalumu, na mwaka huohuo idara ya kuwalea watoto hao ilitenganishwa na idara ya magereza. Tarehe 23 Desemba 1958, Truffaut akiwa katikati ya kupiga picha za filamu yake, amri nyingine ikampa hakimu wa watoto uwezo wa kumlinda mtoto aliye hatarini hata kama hakutenda kosa lolote, na mabaki ya yale mamlaka ya baba ya kumfungisha mwanawe yakafutwa. Kwa hiyo wote mliowaona katika filamu, kuanzia afisa hadi mkuu wa kituo, walikuwa wakitumikia sheria iliyotungwa kwa nia njema kabisa. Wala filamu haisemi kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Yaonyesha kitu kigumu zaidi kukirekebisha: kwamba sheria iliyobadilika juu yaweza kupitia mikono ambayo bado ina mazoea ya zamani.

Mfano wake ni hakimu. Mnamkumbuka? Ni mtu mwenye adabu. Anazungumza na mama ofisini, anamsikiliza, anaelewa haraka kwamba mume si baba wa mtoto. Mama anauliza kama yawezekana mtoto apelekwe mahali palipo karibu na bahari, naye anamkumbusha kwamba mahali hapo si pa likizo. Uamuzi unafikiwa. Antoine hayumo chumbani. Hakimu wa watoto ameamua habari za mtoto kwa kuzungumza na mtu mzima.

Halafu inakuja ile sehemu ya mwanasaikolojia. Mtoto ameketi mezani, tunamwona yeye peke yake. Mwanamke anayeuliza twasikia sauti yake tu, sura yake haionyeshwi. Mwigizaji Jean-Pierre Léaud, aliyekuwa na miaka 14, hakupewa maneno ya kukariri katika sehemu hiyo, alijibu kwa maneno yake mwenyewe, na jambo hilo laonekana dhahiri: anatabasamu, anachezea vidole, anatazama juu. Anaeleza kwamba mara nyingine husema uongo kwa sababu akisema kweli hawamwamini, hivyo hakuna tofauti. Anaeleza kwamba amejua ya kuwa mama yake hakutaka azaliwe, na kwamba ni bibi yake aliyemwokoa. Ayasema hayo bila kulia, kama mtu atajaye bei ya mkate. Dakika chache tu, na mambo ambayo baba, mwalimu, afisa na hakimu hawakuyapata yote yamekwisha kuwekwa mezani. Hakuna hila iliyotumika. Aliulizwa, akaachwa ajibu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, iko habari ya Hagari na mwanawe Ishmaeli. Nao walifukuzwa nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa amekuwa tatizo ndani ya nyumba, na baba aliyewatoa hakuwa mtu katili. Alisikitika, akawapa mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha jangwani, mama akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali asimwone akifa, akalia. Maandiko yanasimulia kilio cha mama, na mara baada ya hapo yanasema kwamba Mungu alisikia sauti ya kijana. Tumezoea kuipita aya hiyo upesi. Mtoto ambaye simulizi haikutuambia hata kwamba alifungua kinywa ndiye aliyesikiwa. Na jina lake, Ishmaeli, lina maana ya kwamba Mungu husikia.

Huenda mtu akasimama hapa akatwambia: Mnatufundisha kuwabembeleza wezi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Pingamizi hilo tumelitarajia, wala si la kupuuzwa. Antoine aliiba taipureta, tena aliiba chupa ya maziwa, na laiti angekuwa ameiba cherehani ya fundi masikini mtaani kwetu tungekuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Aliyeibiwa ana haki yake, na tume inayojiita ya haki haiwezi kumwambia asamehe kwa kuwa mwizi ni mdogo. Lakini kumsikiliza mtoto si kumwondolea kosa. Kama wangemsikiliza, wangejua kwamba alikuwa akirudisha. Wangeweza kumwita mwenye mali, mtoto akaomba radhi, akapewa kazi ya kulipia usumbufu, na mali ilikwisha kurudi. Badala yake aliyeibiwa hakupata neno lolote kutoka kwa mtoto, na mtoto hakupata kujifunza lolote kutokana na kosa lake ila kwamba kurudisha ni hatari kuliko kuiba. Na kama ni ukali mnaoutaka, huyo mtoto aliupata tele, tena mwishowe alitoroka.

Sisi nasi tuna lawama moja juu ya filamu hii. Mama amechorwa kwa wino mkali mno. Twamwona akiwa mchovu, mjanja, mwenye kujipenda, lakini hatuonyeshwi ilikuwaje kuwa msichana aliyepata mimba nje ya ndoa katika Ufaransa ya miaka ile, na kukaa miaka yote na macho ya watu. Naye pia hakuna aliyemwuliza. Truffaut alikuwa bado kijana, na jeraha lilikuwa lake mwenyewe.

Maana habari hii kwa sehemu kubwa ni yake. Alizaliwa Paris mwaka 1932, nje ya ndoa. Akalelewa kwanza na mlezi wa kulipwa, kisha na bibi yake hadi bibi alipofariki. Baba wa kambo alimpa jina. Desemba 1948, akiwa na miaka 16, na madeni aliyoyapata kwa kuanzisha klabu ya sinema, baba huyo alimpeleka polisi, naye akapelekwa katika kituo cha watoto huko Villejuif, karibu na Paris. Aliyemsaidia kutoka alikuwa André Bazin, Mkatoliki, mhakiki wa filamu aliyeandika pia katika jarida la Esprit. Bazin hakuwa hakimu, wala ofisa ustawi wa jamii, wala ndugu. Alikuwa amekutana na kijana huyu kwa sababu ya sinema tu, akamwona ana akili, akakubali kujitwika dhamana yake na kumpa kazi. Hata hivyo kijana hakutulia. Alijiunga na jeshi, akatoroka, akafungwa jela ya kijeshi. Na kwa mara ya pili Bazin na mkewe Janine wakamtafuta, wakamtoa, wakamkaribisha nyumbani kwao. Tunalisisitiza hilo la mara ya pili. Wengi wetu huweza kumsaidia mtoto mtukutu mara moja, na anapoanguka tena husema: Mmeona?

Bazin alikufa kwa ugonjwa wa damu mnamo Novemba 1958, akiwa na miaka 40, mwanzoni kabisa mwa kupigwa picha kwa filamu hii. Imetolewa kwa ukumbusho wake. Mmeliona jina lake mwanzoni.

Wafaransa wenyewe hawakuacha kulirudia jambo hili. Mwaka 2015 tamasha la Cannes lilifunguliwa na filamu nyingine, La Tête haute, iliyoongozwa na Emmanuelle Bercot, inayomhusu kijana Malony ambaye mama yake alimwacha katika ofisi ya hakimu wa watoto alipokuwa na miaka 6. Si filamu ya kuburudisha. Kijana huyo anatukana, anapiga, anaiba magari, na mara kadhaa mtazamaji hutamani afungwe. Lakini tazameni tofauti yake na ya mwaka 1959. Hapa hakimu, mwanamke wa makamo aliyeigizwa na Catherine Deneuve, huketi na kijana meza kwa meza. Humkemea, humtazama, humtia hata rumande inapobidi, na ni hakimu yuleyule kwa muda wa miaka mingi, anayezijua njia zake zote. Sheria waliyoitumia ilikuwa bado ile ya mwaka 1945, iliyorekebishwa mara nyingi; haikuondolewa mpaka tarehe 30 Septemba 2021, ilipoingia sheria mpya ya haki ya jinai kwa watoto. Sheria ileile, basi, yaweza kukaliwa na hakimu asiyemwona mtoto, na yaweza kukaliwa na hakimu anayemjua kwa jina.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unadai kwamba mtoto apewe nafasi ya kusikilizwa katika kila shauri linalomhusu, na katika kifungu cha 37, kwamba kumfunga mtoto kuwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo. Kiti Kitakatifu kiliuridhia tarehe 20 Aprili 1990, miongoni mwa wa kwanza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaingiza hayo katika sheria zetu: mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, shauri lake ni la mahakama ya watoto, asichanganywe na watu wazima mahabusu, na asihukumiwe kifungo. Ni sheria njema. Tumekwisha kuona katika filamu jinsi sheria njema inavyoweza kupitia kituo cha polisi usiku wa manane.

Mwisho wa filamu mnaujua. Watoto wa kituo wanacheza mpira, Antoine anapenya chini ya uzio, anakimbia. Anakimbia muda mrefu sana, kamera ikimfuata bila kumkatiza, hadi pwani, kwa maana bahari alikuwa hajapata kuiona. Anaingia majini kwa viatu vyake, anageuka, anatutazama usoni, na picha inaganda hapohapo. Jana usiku mmoja wenu aliuliza kwa sauti: Sasa huyu atakwenda wapi? Filamu haikumjibu, wala sisi hatutamjibu kwa niaba yake.

Tunachoomba ni jambo moja dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa kila parokia iliyowakilishwa hapa. Kabla ya mkutano wetu ujao, watu wawili wa kila parokia, mwanamume na mwanamke, wafike kwa adabu katika kituo cha polisi kilicho karibu na katika ofisi ya ustawi wa jamii, wajitambulishe kwa barua ya Paroko, na waulize mambo mawili: kama yuko mtoto anayeshikiliwa, na kama yupo mtu mzima aliyekwisha kukaa naye akamsikiliza. Akiwapo mtoto asiye na mtu, waombe ruhusa ya kumwona mbele ya ofisa anayehusika. Wasiende na karatasi ya kumwandikia maelezo. Wasianze kwa kumwuliza aliiba nini. Wamwulize analala wapi nyumbani kwao, na wangoje ajibu. Majina ya watakaokwenda yaachwe kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.